Uchungu wa Mwana na Upweke wa Mzazi

Wahenga walinena kwamba uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Kauli hiyo ni ya kweli, na hakuna mwenye mtoto atakayeikana. Hata hivyo, methali njema ikitumiwa mahali pasipofaa yaweza kugeuka kuwa mlango uliofungwa. Mtoto akivunjika mguu, majirani hawatoi methali. Wao huja na uji, huketi mkekani, huuliza usiku amelalaje, na mmoja wao hujitolea kwenda kuteka maji. Mtoto akiugua akili, majirani wale wale, ambao si watu wabaya hata kidogo, hutikisa vichwa, husema kwamba uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, kisha hurejea makwao. Tangu hapo mzazi huachiwa uchungu wake kama mali ya urithi isiyogawanyika.

Jambo linalojadiliwa hapa ni upweke wa wazazi hao. Huenda baadhi ya wasomaji wakauliza sayansi ina shughuli gani na upweke. Huzuni, watasema, ni kazi ya washairi na ya viongozi wa dini. Jibu ni kwamba upweke huu una sababu zinazochunguzika, una athari zinazopimika mwilini, na, la kusikitisha zaidi, sehemu yake moja ilitengenezwa na wataalamu wenyewe.

Hali zinazoitwa kwa jumla magonjwa ya akili ya watoto na vijana ni nyingi na hazifanani. Usonji, ambao hasa ni tofauti katika ukuaji wa ubongo, hujitokeza katika miaka ya kwanza ya maisha: mtoto huchelewa kusema au hasemi kabisa, hautazami uso wa mamaye, hurudia tendo moja kwa muda mrefu na hufadhaika likikatizwa. Skizofrenia, ambayo humfanya mtu asikie sauti zisizokuwapo na kushikilia imani zisizo na msingi, kwa kawaida huanza mwishoni mwa ujana au mwanzoni mwa utu uzima, yaani katika umri wa kidato cha tano na cha sita au muda mfupi baadaye. Kuna sonona, kuna wasiwasi uliopita kiasi, na kuna mengineyo. Mwaka 2021 wachunguzi waliokusanya pamoja tafiti 192 walikadiria kwamba theluthi moja hivi ya watu wenye magonjwa ya akili huanza kuugua kabla ya kutimiza miaka 14, na karibu nusu kabla ya miaka 18. Kwa hiyo yaelekea hakuna shule ya sekondari isiyokuwa na wazazi wa namna hii katika daftari lake, wajulikane au wasijulikane.

Jinsi upweke unavyoingia nyumbani

Upweke hauingii kwa kishindo. Na uchukuliwe mfano wa mama mwenye mtoto wa miaka saba asiyesema. Kwanza huacha kwenda arusini, kwa kuwa ngoma na vigelegele humtia mtoto hofu, akapiga mayowe, na wageni wote wakageuka kutazama. Kisha huacha upatu, si kwa kukosa fedha, bali kwa kuwa wenzake hukutana alasiri, na alasiri hapana wa kumshika mtoto. Msichana wa kazi amekwisha ondoka, naye alikuwa wa tatu katika mwaka mmoja. Matangani huenda, maana kutokwenda msibani ni kujitenga na watu, lakini hukaa karibu na mlango na huaga kabla ya chakula. Miaka miwili ikipita, mtaa mzima husema kwamba mama yule anajidai na hapendi watu. Hapana aliyemfukuza, wala hapana anayekumbuka siku alipotoka.

Baba naye ana njia yake. Hukawia kazini, hukawia barazani penye bao, hata nyumba ikawa mahali pa kulala tu. Watu humhukumu upesi kwamba amemkimbia mtoto wake. Wako waliokimbia kweli, na hao hawana udhuru. Lakini wako pia wanaokaa barazani kimya wakati wenzao wanasimulia mitihani ya watoto wao, kwa sababu hawana la kuchangia. Usiku mume na mke hukutana chini ya paa moja, kila mmoja akimficha mwenziwe machozi ili asimwongezee mzigo, na kwa njia hiyo watu wawili wanaopendana huwa wapweke wawili. Tena yuko dada mkubwa. Posa ikija, wazee wa upande wa pili huulizia ukoo, na yule mdogo hufungiwa chumba cha ndani mpaka wageni waondoke. Kitendo hicho hulaumiwa sana, na hulaumiwa kwa haki. Lakini wanaolaumu hawajaulizwa kama wao wangeipeleka posa kwenye nyumba ambayo mtoto hakufichwa.

Robert Weiss, mwanasosiolojia wa Marekani, katika kitabu cha mwaka 1973 alitenga upweke wa namna mbili: ule wa kukosa mtu wa moyoni, na ule wa kukosa jamii ambayo mtu ni mmoja wao. Alisisitiza kwamba dawa ya namna moja haiponyi namna nyingine. Mwenye mume mwema aweza bado kuukosa mtaa, na mwenye mtaa aweza kumkosa mwandani. Wazazi wanaozungumziwa hapa mara nyingi hupatwa na zote mbili. Miaka 10 kabla yake, mwaka 1963, Erving Goffman alikuwa amekwisha kuandika kwamba aibu anayobandikwa mtu huwagusa pia walio karibu naye. Jambo hilo halihitaji kutafutwa mbali. Nchini Tanzania jina la Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili iliyoko Dodoma, limekuwa neno la mzaha. Nchini Kenya jina la Mathari, iliyoko Nairobi, hutumiwa vivyo hivyo. Mwanafunzi anayemwambia mwenziwe kwamba anafaa kupelekwa huko hakusudii ubaya. Hajui tu kama miongoni mwa wanaocheka yumo mmoja ambaye kaka yake amelazwa huko, na ambaye jioni hatamweleza mama yake alichokisikia.

Kosa la wataalamu

Mwaka 1943 daktari Leo Kanner wa Johns Hopkins, mjini Baltimore, Marekani, alichapisha maelezo ya watoto 11 waliokuwa na hali ambayo leo huitwa usonji. Ilikuwa kazi ya uangalifu mkubwa, na hata sasa husomwa kwa heshima. Alisema kwamba yaelekea watoto hao walizaliwa na upungufu huo. Lakini aliandika pia kwamba wazazi wao, ambao wengi walikuwa wasomi, hawakuwa wachangamfu; na mwaka 1949 aliwafananisha watoto hao na vitu vilivyohifadhiwa ndani ya jokofu lisiloyeyusha barafu yake. Mfano huo ulienea kuliko utafiti wenyewe, na kutokana nao likazaliwa jina la “mama jokofu”. Mwaka 1948 daktari Frieda Fromm-Reichmann alikuwa amekwisha kuandika juu ya mama anayemzalishia mwanawe skizofrenia kwa malezi yake. Kisha mwaka 1967 Bruno Bettelheim, aliyeongoza shule ya watoto wenye matatizo katika Chuo Kikuu cha Chicago, alitoa kitabu kilichowafananisha watoto wenye usonji na wafungwa wa kambi za Wanazi. Yeye mwenyewe alikuwa amefungwa katika kambi hizo, na kwa hiyo maneno yake yalikuwa na uzito. Katika mfano huo, aliyesimama mahali pa askari wa kambi ni mzazi. Tiba iliyofuata mawazo hayo ilikuwa kumtenga mtoto na wazazi wake.

Kosa lilikuwa wapi? Mwalimu wa sayansi aweza kulifanya swali hilo zoezi la darasani. Wazazi waliomfikia Kanner walikuwa wale wenye elimu na uwezo wa kumtafuta bingwa. Wasomi walijaa katika chumba chake kwa sababu ya mlango walioingilia, si kwa sababu ya ugonjwa. Tena hapakuwa na kundi la wazazi wengine la kulinganisha nao. Lakini kosa kubwa zaidi ni kwamba chanzo na matokeo vilibadilishana mahali. Mama aliyemtabasamia mtoto kwa miaka mitatu bila kujibiwa, anayelala saa chache kwa usiku, na ambaye sasa ameketi mbele ya daktari anayemchunguza yeye badala ya mwanawe, hawezi kuonekana mchangamfu. Ukavu wake ulikuwa matokeo, nao ukaandikwa kuwa chanzo.

Aliyeanza kuubomoa ukuta huo hakuwa bingwa wa usonji. Bernard Rimland alikuwa mwanasaikolojia wa jeshi la majini la Marekani, na alikuwa baba wa mtoto mwenye usonji. Kitabu chake cha mwaka 1964 kilionyesha kwamba hapakuwa na ushahidi wowote wa kuwatia wazazi hatiani, na kwamba dalili zote zilielekea kwenye ubongo. (Ni haki kuongeza kwamba katika miaka yake ya baadaye Rimland alishikilia mawazo kuhusu chanjo ambayo utafiti umeyakataa, aliye sahihi katika jambo moja hapewi idhini ya kuaminiwa katika yote.) Mwaka 1977 Susan Folstein na Michael Rutter walichapisha uchunguzi wa jozi 21 za mapacha. Katika jozi 11 za mapacha wa kufanana, nne zilikuwa na usonji kwa wote wawili; katika jozi 10 za mapacha wasiofanana hapakuwa na hata moja. Mapacha wa aina zote mbili hulelewa na mama mmoja katika nyumba moja. Kama malezi ndiyo yangekuwa chanzo, tofauti hiyo isingetokea. Uchunguzi wa mwaka 2019, uliohusisha watoto zaidi ya milioni mbili katika nchi tano, ulikadiria kwamba karibu asilimia 80 ya tofauti kati ya watu katika kupatwa na usonji hutokana na urithi. Nao urithi si hatia: hapana mzazi anayechagua chembe za urithi atakazompa mwanawe.

Kanner mwenyewe mwaka 1969 alisimama katika mkutano wa chama cha wazazi hao akatangaza kwamba anawaondolea lawama. Ni uungwana mkubwa kwa mtaalamu kusema hivyo hadharani. Lakini tangu mwaka 1949 hadi 1969 ni miaka 20. Mtoto aliyekuwa na miaka mitatu alikuwa amekuwa mtu mzima wa miaka 23, na mama yake alikuwa ameishi muda huo wote akijiuliza ni siku gani hasa alipokosea kumpenda.

Msomaji wa Afrika Mashariki asiicheke hadithi hii kana kwamba ni ya mbali. Hapa nako mzazi hupewa sababu haraka kabla hajapewa kiti. Huambiwa kwamba mama alivunja mwiko akiwa mjamzito, kwamba baba alimtoa mtoto kafara ili apate mali, kwamba ukoo una laana, au kwamba mtoto amerogwa. Sababu hizi na ile ya jokofu hufanya kazi moja, nayo ni kumtuliza asiyepatwa: ikiwa wao walikosa, basi asiyekosa yu salama. Ile ya kurogwa ina hasara ya pekee. Mganga akimnyoshea kidole jirani, familia iliyokuwa tayari imepungukiwa na marafiki hupoteza na yule aliyekuwa akiwaletea moto na chumvi. Wakati huo huo vyanzo vinavyoweza kuzuiwa husahauliwa. Uchunguzi uliofanywa nchini Uganda umeonyesha kwamba baadhi ya watoto wanaopona malaria iliyopanda kichwani hubaki na matatizo ya akili na ya tabia. Chandarua hakina uhasama na jirani yeyote.

Mwili unavyolipa, na ndoa inavyosemwa

Mwaka 2004 Elissa Epel wa Chuo Kikuu cha California mjini San Francisco, pamoja na Elizabeth Blackburn, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2009, na wenzao, waliwachunguza akina mama 58, ambao 39 kati yao walikuwa wakiuguza watoto wenye magonjwa ya kudumu. Walipima ncha za kromosomu ndani ya chembe nyeupe za damu. Ncha hizo, ziitwazo telomea, ni kama pindo lishonwalo ukingoni mwa kanga ili uzi usifumuke. Hupungua kadiri chembe zinavyogawanyika na mtu anavyozeeka. Kwa wastani makundi hayo mawili hayakutofautiana, na hilo ni la kutia moyo. Lakini kadiri miaka ya kuuguza ilivyokuwa mingi, ndivyo telomea zilivyokuwa fupi, na akina mama waliosema kwamba dhiki yao ni kubwa kabisa walikuwa na telomea zilizopungua kwa kiasi cha miaka 10 au zaidi kuliko wale wenye dhiki ndogo. Idadi ya akina mama hao ni ndogo, na uhusiano si uthibitisho wa chanzo. Kosa la Kanner lisirudiwe kwa upande mwingine. Hata hivyo, maneno ya bibi anayesema kwamba mtoto huyu amemzeesha mama yake hayastahili tena kusikilizwa kama msemo mtupu.

Kuhusu ndoa, kwa muda mrefu kulienea nchini Marekani tarakimu ya kutisha, kwamba asilimia 80 ya ndoa za wazazi wa watoto wenye usonji huvunjika. Chanzo chake hakijulikani, lakini ilirudiwa mno hata ikawa kama sheria. Mwaka 2012 wachunguzi waliotumia takwimu za taifa za watoto zaidi ya 77,000 walikuta kwamba asilimia 64 ya watoto wenye usonji waliishi na wazazi wote wawili, dhidi ya asilimia 65 ya watoto wengine. Uchunguzi mwingine, wa mwaka 2010, uliofuatilia familia 391, ulikuta talaka asilimia 23.5 dhidi ya asilimia 13.8 katika familia za kulinganishwa, na hatari hiyo iliendelea hata baada ya mtoto kukua. Tafiti hizo mbili hazikubaliani sawasawa, lakini zote mbili ziko mbali sana na ile tarakimu ya 80. Mzazi anayeambiwa kwamba ndoa yake imekwisha hukumiwa huanza kumtazama mwenziwe kama msafiri anayefunga mizigo. Yafaa tarakimu kama hizo zichunguzwe kwa makini kama yanavyochunguzwa maji ya kunywa.

Dawa iliyo karibu

Mwaka 1977, mjini Madison, Wisconsin, akina mama wawili ambao kila mmoja alikuwa na mwana mwenye skizofrenia walikutana kwa chakula cha mchana. Waligundua kwamba hawana haja ya kuanza na maelezo. Wakawaita wengine wachache, na mwaka 1979 mikutano ya namna hiyo kutoka sehemu mbalimbali iliungana kuwa chama cha taifa cha familia za wagonjwa wa akili nchini Marekani. Uingereza ilikuwa imekwisha kuona jambo kama hilo mwaka 1962, wazazi walipoanzisha chama cha watoto wenye usonji. Miongoni mwao alikuwamo daktari Lorna Wing, mama wa binti mwenye hali hiyo, ambaye baadaye alikuwa mmoja wa wachunguzi wakubwa wa usonji duniani. Shirika la Afya Duniani sasa lina mafunzo kwa walezi wa watoto ambao ukuaji wao umechelewa, ya vikao tisa vya kikundi na ziara tatu za nyumbani, yanayoweza kuongozwa na watu wasio madaktari. Vikao hivyo hufundisha jinsi ya kucheza na mtoto na kuzungumza naye. Lakini mzazi anayeketi katika duara na wenziwe tisa hupata pia kitu kisichoandikwa katika kitabu cha mafunzo.

Neno linalotolewa kwa wingi kuliko yote kwa wazazi hawa ni “vumilia”. Ni neno rahisi, halimgharimu msemaji chochote, na lingefaa kupumzishwa kwa miaka michache. Anachokikosa mama huyo hasa si huruma. Ni alasiri ya Jumamosi. Ni mtu mmoja atakayeketi na mtoto kwa saa mbili, anayejua kwamba mtoto hapendi kelele na kwamba hutulia akipewa vifuniko vya chupa avipange, ili mama aende kwenye upatu wake arudi. Wifi aweza kufanya hivyo, jirani aweza, na mwanafunzi wa kidato cha tatu anaweza vizuri kabisa. Kujua hayo machache hakuhitaji shahada.

Shule ina deni la pekee, kwa sababu shule ndiyo inayomwandikia mzazi barua. Kwa kawaida barua hiyo humwita aje kusikiliza kosa: mtoto amefanya fujo, mtoto haandiki, mtoto amezungumza peke yake darasani. Baada ya barua tatu mzazi huzifahamu bahasha za shule kwa rangi, na mkutano wa wazazi ukiitishwa haji, maana amekwisha jua kitakachosemwa. Kisha huandikwa kwamba mzazi hatoi ushirikiano. Mwalimu anayetaka kuuvunja mzunguko huo na afike nyumbani siku ambayo hakuna lalamiko lolote. Asiende na fomu. Akaribishwe, aketi, anywe chai, amwamkie mtoto kwa jina lake hata kama mtoto hataitikia, na amuulize mama swali ambalo huenda hakuulizwa na mtu kwa miaka kadhaa: yeye mwenyewe amelalaje.